UZI: "Nani hajalipa mwezi huu?" PHP na MySQL kwa wanaoanza, tukitumia daftari la kikoba

#1 – Mleta uzi

Habari zenu wakuu.

Nilijifunza PHP kwa video za mtandaoni. Nikajua kutengeneza fomu, nikajua kuingiza data kwenye MySQL na kuitoa, nikaona nimeiva. Kisha kikundi kimoja cha akina mama wakaniomba niwahamishie daftari lao la kikoba kwenye kompyuta. Wanachama 40, kila mmoja anatoa 20,000 kwa mwezi. Mwisho wa mwezi wa kwanza katibu akanipigia: "Mwanangu, mbona kwenye orodha yako kuna watu watano hawamo?"

Watano hao ndio waliokuwa hawajalipa. Ripoti yangu iliwaficha watu wale wale ambao kikundi kilikuwa kinawatafuta.

PHP yangu haikuwa na kosa hata moja. Kilichokosewa ni swali nililoiuliza kanzidata (database, yaani MySQL). Ndiyo maana naandika uzi huu. Wengi tunaanza kwa kujifunza PHP miezi sita na SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata, wikiendi moja, wakati kwenye mfumo wa namna hii hesabu zote za watu zinakaa upande wa SQL.

Tuelewane kwanza nani anafanya nini. Kivinjari kinatuma ombi, seva inaiendesha skripti ya PHP, PHP inaiuliza kanzidata, kanzidata inarudisha mistari, PHP inaivisha HTML na kuituma kwa aliyeomba. PHP ni karani wa dirishani. Daftari lenyewe liko ndani, na anayelijua ni MySQL.

Majedwali yetu ni mawili:

```sql
CREATE TABLE wanachama (
  id INT UNSIGNED AUTO_INCREMENT PRIMARY KEY,
  jina VARCHAR(100) NOT NULL,
  simu VARCHAR(15) NOT NULL UNIQUE,
  makazi VARCHAR(100)
);

CREATE TABLE michango (
  id INT UNSIGNED AUTO_INCREMENT PRIMARY KEY,
  mwanachama_id INT UNSIGNED NOT NULL,
  kiasi DECIMAL(12,2) NOT NULL,
  tarehe DATE NOT NULL,
  FOREIGN KEY (mwanachama_id) REFERENCES wanachama(id)
);
```

Angalieni aina za safu, maana hapa ndipo watu wanapoumia baadaye.

Simu ni VARCHAR, siyo INT. Namba ya simu haijumlishwi wala haigawanywi, kwa hiyo ichukulie kama maandishi. Ukiiweka INT, sifuri ya mwanzo inapotea. Ukiandika kwa 255 mbele ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu INT ya kawaida inaishia 2,147,483,647. MySQL za zamani zilikuwa hazikatai: zinaweka hiyo namba kubwa ya mwisho na kuendelea kama kawaida. Siku ukifungua mfumo wa mtu ukakuta wateja wote wana simu 2147483647, umeshajua kilichotokea.

Hela ni DECIMAL. Usitumie FLOAT kwa hela hata siku moja. FLOAT inabeba kwa uhakika tarakimu saba hivi tu, na kwa shilingi zetu tarakimu saba zinaisha haraka. Ukihifadhi 16,777,217 ndani yake inakaa 16,777,216. Shilingi moja unaweza kuiona ndogo, lakini mweka hazina ambaye hesabu yake haifungi hawezi kulala.

Tarehe ni DATE, inayoandikwa mwaka-mwezi-siku. Nimekuta watu wanaihifadhi kama maandishi "15/01/2023". Ukipanga kwa mpangilio, "02/11/2023" inatangulia "15/01/2023" kwa sababu tu 02 inaanza kabla ya 15. Novemba imekuja kabla ya Januari.

Mwisho kwenye majedwali: jina la mwanachama halirudiwi kwenye `michango`. Kuna `mwanachama_id` tu. Mama akibadilisha simu unabadilisha sehemu moja. Wazo hili ni la Edgar Codd wa IBM, alilichapisha mwaka 1970, na miaka minne baadaye Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa hapo hapo IBM wakatoa lugha iliyokuja kuitwa SQL. PHP na MySQL zote zilitoka 1995. (Kwa wanaopenda majina: "My" ni binti wa Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wa MySQL. MariaDB, tawi lililochipuka kutoka MySQL, nayo imepewa jina la binti yake mdogo, Maria.) Yaani lugha mnayoiona ni kiambatanisho cha PHP imeitangulia PHP kwa miaka zaidi ya ishirini.

Sasa swali lenyewe. Mimi niliandika hivi (`w` na `m` ni vifupisho vya majina ya majedwali):

```sql
SELECT w.jina, SUM(m.kiasi) AS jumla
FROM wanachama w
JOIN michango m ON m.mwanachama_id = w.id
WHERE m.tarehe >= '2024-03-01' AND m.tarehe < '2024-04-01'
GROUP BY w.id, w.jina;
```

JOIN ya kawaida inachukua wenye wenzao pande zote mbili. Mwanachama asiye na mchango hana mwenzake, anaachwa. Nikaambiwa tumia LEFT JOIN, ile inayosema "wa kushoto wote waje, hata asiye na mwenzake kulia". Nikabadilisha neno hilo moja. Watu watano bado hawakuonekana!

Nilikaa siku mbili kwenye hili, kwa hiyo someni taratibu. LEFT JOIN ilimleta mama asiye na mchango, na safu zote za upande wa michango zikajazwa NULL, maana yake "hakuna kitu hapa". Kisha WHERE ikaja na kuuliza: je, NULL ni kubwa kuliko au sawa na tarehe 1 Machi? NULL ukiilinganisha na chochote jibu siyo ndiyo wala siyo hapana, jibu ni NULL. WHERE inapitisha "ndiyo" peke yake. Mama akaingizwa na mlango mmoja, akatolewa na mwingine.

Sharti la tarehe linatakiwa likae kwenye ON, siyo kwenye WHERE:

```sql
SELECT w.jina, w.simu, COALESCE(SUM(m.kiasi), 0) AS jumla
FROM wanachama w
LEFT JOIN michango m
  ON m.mwanachama_id = w.id
  AND m.tarehe >= '2024-03-01'
  AND m.tarehe < '2024-04-01'
GROUP BY w.id, w.jina, w.simu
HAVING jumla < 20000
ORDER BY jumla;
```

Kwa Kiswahili chetu inasomeka hivi: chukua wanachama wote, kila mmoja mwekee michango yake ya Machi kama ipo, jumlisha, asiye nayo mwandikie 0, nionyeshe waliopungukiwa. COALESCE ndiyo inayogeuza NULL kuwa 0. HAVING inachuja baada ya kujumlisha, WHERE inachuja kabla.

Na kwa nini sikuandika `MONTH(tarehe) = 3`? Kwanza ingeleta Machi za miaka yote. Pili, ukiizungushia safu fanksheni, MySQL haiwezi kutumia faharasa (index) ya safu ile, itapitia jedwali zima mstari kwa mstari. Kwa wanachama 40 hutaona tofauti. Kwa michango laki tano utaiona.

Kabla ya kujua haya nilifanya kitu ambacho naona wengi wanakifanya: nilichota wanachama wote, nikaingia kwenye `foreach`, na ndani yake kila mwanachama nikamtumia swali lake la SQL. Watu 40, maswali 41, ukurasa unavuta pumzi. Ukijiona unaandika `SELECT` ndani ya mzunguko wa PHP, simama. Karibu kila mara lipo swali moja linaloleta yote.

Karibuni kwa maswali, nitajibu nikitoka kazini.

---

#2 – mgeni wa kodi

Mkuu ubarikiwe, hiyo ya ON na WHERE sijawahi kuiona ikielezwa hivyo. Mimi nimekwama mapema zaidi. Nafuata mafunzo fulani ya video, nikifungua ukurasa napata `Call to undefined function mysql_connect()`. Nimeweka XAMPP (ile programu inayoleta seva, PHP na kanzidata kwa pamoja) upya mara tatu.

---

#3 – Mleta uzi

Mkuu XAMPP yako ni nzima, iache. Video ndiyo ya zamani. Fanksheni zote zinazoanza na `mysql_` ziliondolewa kabisa PHP 7.0 ilipotoka Desemba 2015. Video yoyote inayozitumia ifunge, maana hata mengine inayofundisha yatakuwa ya enzi hizo. Tumia PDO, njia ya sasa ya PHP kuongea na kanzidata:

```php
$pdo = new PDO(
  'mysql:host=localhost;dbname=kikoba;charset=utf8mb4',
  $mtumiaji, $nywila,
  [PDO::ATTR_ERRMODE => PDO::ERRMODE_EXCEPTION]
);
```

Usiandike `utf8` tupu kwenye charset. Kwa MySQL jina hilo limekuwa likimaanisha herufi za baiti tatu mwisho, na mtu akiandika jina lake na emoji mbele, inakataa. `utf8mb4` inabeba zote.

Na kwa kuwa umefika hapa, chukua na hili mapema. Video hizo zinafundisha kuunga maandishi hivi:

```php
$sql = "SELECT * FROM wanachama WHERE makazi = '" . $_GET['makazi'] . "'";
```

Mtu akiandika Ifakara, inafanya kazi. Akiandika Mang'ula, ukurasa unaanguka. Ile alama ya ng' imefunga maandishi mapema, na MySQL inaona `ula` inaning'inia nje haijui ni nini. Sisi wenye lugha yenye ng' tunalipata kosa hili bila kulitafuta: Ng'wandu, Mang'ula, Ng'ambo.

Wengi wakiona hivyo wanatafuta njia ya kuifuta alama ile. Msimfutie mtu jina lake. Na tatizo ni kubwa kuliko jina. Kama herufi moja ya mtumiaji inaweza kuvunja swali lako, basi mtumiaji anaweza pia kuliandika upya. Weka `' OR '1'='1` kwenye kile kisanduku, utaona wanachama wote wa kikoba wanamwagika na simu zao. Dawa ni moja, tenganisha swali na data:

```php
$st = $pdo->prepare('SELECT id, jina FROM wanachama WHERE makazi = ?');
$st->execute([$_GET['makazi']]);
$mistari = $st->fetchAll(PDO::FETCH_ASSOC);
```

Alama ya kuuliza ni nafasi. Kitakachojazwa pale hakiwezi tena kugeuka kuwa amri, hata kiwe na alama gani. Mang'ula inapita salama.

Unapoonyesha kwenye ukurasa ndipo unapotumia `htmlspecialchars($mstari['jina'])`, inayofanya alama maalum zisomwe kama maandishi tu, siyo kama HTML. Wakati wa kuonyesha, siyo wakati wa kuhifadhi. Ukiitumia kabla ya kuhifadhi utajaza kanzidata na `Mang&#039;ula`, na kutafuta kwako kutaharibika.

---

#4 – binti wa Pangani

Mimi sina kompyuta kaka, nina simu ya Android. Nisubiri mpaka ninunue?

---

#5 – Mleta uzi

Usisubiri dada yangu. Weka Termux (app inayokupa dirisha la kuandikia amri), ichukue F-Droid (duka la app huria), kisha andika `pkg install php mariadb`. Msimbo wako uweke kwenye folda moja, uingie humo, na uandike `php -S localhost:8000`. Fungua anwani hiyo kwenye kivinjari cha simu, seva yako iko mfukoni. Kuandika kwenye kioo kunachosha, ila SQL ni mistari michache kuliko PHP, kwa hiyo anza na hiyo. Tengeneza yale majedwali mawili, weka watu watano, wawili usiwape mchango wowote, ujaribu kuwapata.

---

#6 – mzee wa seva

Samahani mleta uzi, ila unawapoteza vijana. PHP imeshapitwa, sasa hivi ni JavaScript kila mahali, na akili mnemba inaandika SQL yenyewe.

---

#7 – Mleta uzi

Mzee wangu nakuheshimu, lakini hapa tutofautiane. Wikipedia inaendeshwa na MediaWiki, ambayo ni PHP, na nyuma yake kuna MariaDB. WordPress ni PHP na MySQL. Kijana wa Morogoro anayetaka kumtengenezea mtu wa duka mfumo atakuta hosti ya bei nafuu ina PHP na MySQL tayari.

Na hata akihamia JavaScript kesho, SQL anaondoka nayo. LEFT JOIN haibadiliki kwa kubadilisha lugha ya mbele.

Kuhusu akili mnemba, nami naitumia. Ila ile ripoti yangu ya kwanza haikutoa kosa lolote kwenye kioo. Ilitoa jedwali zuri lenye majina 35. Ungeikabidhi kwa asiyejua NULL inafanya nini, angeipokea. Aliyegundua ni katibu, kwa sababu anawajua watu wake kwa majina.

---

#8 – mzee wa seva

Hoja ya mwisho nimeielewa. Sawa, endelea, na mimi nitachangia nikiona pa kuongeza.

---

#9 – mhasibu chipukizi

Mkuu nimefuata mpaka mwisho, nikaongeza jedwali la `mikopo` lenye `mwanachama_id` na `kiasi`. Nataka ripoti moja: jina, jumla ya michango, jumla ya mikopo. Nimeunganisha LEFT JOIN mbili mfululizo. Kuna mama ametoa 20,000 mara tatu na amekopa 50,000 mara mbili. Ripoti inasema michango 120,000 na mikopo 300,000! Data nimeikagua, iko sahihi.

---

#10 – Mleta uzi

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri, asante kwa kuleta na namba zake.

Piga hesabu ya mistari. Mama ana michango mitatu na mikopo miwili. Ukiunganisha yote kwa mkupuo, kila mchango unakutanishwa na kila mkopo: 3 × 2, mistari sita. Kila mchango umejitokeza mara mbili, hivyo 60,000 imekuwa 120,000. Kila mkopo umejitokeza mara tatu, 100,000 imekuwa 300,000. MySQL imejumlisha sahihi kabisa kile ulichoiandalia.

Toa neno SUM na GROUP BY, weka `SELECT w.jina, m.kiasi, k.kiasi` uitazame mistari sita kwa macho yako. Fanya hivyo kila jumla inapokushangaza. Mtu asipoiona mistari kabla haijajumlishwa, anabaki kubahatisha, na wengi hapo wanarusha `DISTINCT`, neno la kuondoa vinavyojirudia, wakidhani wametibu. Jaribu `SUM(DISTINCT m.kiasi)` kwa mama huyu: michango yake yote mitatu ni 20,000, kwa hiyo itahesabu moja tu. Utakuwa umemwibia 40,000.

Jumlisha kila jedwali peke yake kwanza, ndipo uunganishe:

```sql
SELECT w.jina,
       COALESCE(c.jumla, 0) AS michango,
       COALESCE(k.jumla, 0) AS mikopo
FROM wanachama w
LEFT JOIN (
  SELECT mwanachama_id, SUM(kiasi) AS jumla
  FROM michango GROUP BY mwanachama_id
) c ON c.mwanachama_id = w.id
LEFT JOIN (
  SELECT mwanachama_id, SUM(kiasi) AS jumla
  FROM mikopo GROUP BY mwanachama_id
) k ON k.mwanachama_id = w.id
ORDER BY w.jina;
```

Sasa kila mwanachama ana mstari mmoja tu upande wa `c` na mmoja upande wa `k`. Moja mara moja ni moja, hakuna cha kuzaliana.

---

#11 – mhasibu chipukizi

Imekubali! 60,000 na 100,000. Nimeilinganisha na daftari la mkono la kikundi chetu, wanachama wote 26 wamelingana, isipokuwa mmoja. Mfumo unasema ametoa 80,000, daftari linasema 60,000. Nimeitazama mistari kama ulivyosema: kuna michango miwili ya siku moja, kiasi kilekile, id zinafuatana. Aliyeingiza anaapa amebonyeza mara moja.

---

#12 – Mleta uzi

Mwamini, inawezekana kabisa alibonyeza mara moja. Mtandao ulisuasua, akaona ukurasa umeganda, akaufungua upya. Kivinjari kikatuma ile fomu tena, na PHP ikaingiza tena.

Dawa ni mbili na unazihitaji zote. Ya kwanza, baada ya `INSERT` usionyeshe ukurasa hapo hapo, mpeleke mtumiaji kwingine, ili akifungua upya asirudie kutuma:

```php
header('Location: michango.php');
exit;
```

Hiyo `exit` usiisahau, bila yake skripti inaendelea kukimbia. Na kabla ya `header` kusiwe na HTML wala nafasi tupu iliyokwisha kutumwa.

Ya pili iweke kwenye kanzidata yenyewe, kwa sababu PHP inaweza kuzungukwa. Ongeza safu ya namba ya muamala, ile inayokuja kwenye ujumbe wa malipo ya simu:

```sql
ALTER TABLE michango
  ADD kumbukumbu VARCHAR(30) NULL,
  ADD UNIQUE (kumbukumbu);
```

Namba ileile ikija mara ya pili MySQL inaikataa. Anayelipa taslimu muachie NULL. UNIQUE ya MySQL inaruhusu NULL nyingi, kwa hiyo hawatagongana. Ila kwa hao wa taslimu kinga inayobaki ni ile `header` pamoja na stakabadhi, kwa hiyo kama kikundi kina kitabu cha stakabadhi, namba yake ndiyo uiweke hapo badala ya NULL.

Ule mstari wa ziada usiufute leo. Mpigie mweka hazina kwanza, mfungue daftari mkiwa wote wawili, akithibitisha ndipo ufute kwa `id` yake, na uandike pembeni tarehe mliyofuta na sababu.